Kadi za Kijani na Rangi ya Biriani

Naona aibu, ndiyo, na msinitazame hivyo. Mimi Zubeda, mama mtu mzima, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Buyenzi kwa miaka mingi, nilisimama mbele ya watu zaidi ya mia mbili na maikrofoni mkononi nikajifedhehesha kwa mdomo wangu mwenyewe, na kilichoniponza ni wino wa njano. Najua wengine mmeshasimuliwa na wifi yangu Aziza, ambaye kaongeza chumvi mpaka hadithi hailiki (eti nililia, sikulia, lilikuwa jasho), ndiyo maana leo nasema mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, na atakayecheka kabla sijamaliza nitamtoa nje.

Chanzo ni printa yangu ya rangi. Mnaijua, ile ya kijivu iliyo karibu na dirisha, niliyoinunua kwa ofisi moja iliyokuwa inafunga, kuukuu lakini nzima, inachapa picha mpaka unaona vinyweleo vya mtu. Ila ina tabia moja ambayo hadi leo inanipandisha damu. Ndani yake ina vichupa vinne vya wino, mafundi wanaviita kartushi, kimoja cheusi, kimoja chekundu, kimoja cha buluu na kimoja cha njano, na kimoja tu kikiisha mashine nzima inagoma. Mteja kaja na barua ya kuomba kazi, maneno matupu, meusi, hakuna hata ua pembeni, kasimama anasubiri na ana haraka, mimi nabonyeza, mashine inawasha kitaa chekundu na kuniandikia kwamba njano imeisha. Njano ya nini? Nani hapa kakuomba njano? Ni kama umwombe jirani chumvi akwambie hawezi kukupa kwa sababu sukari yake imeisha. Basi mteja anaondoka anakwenda kibanda cha pili, na mimi nabaki nagombana na plastiki.

Na kartushi za kiwandani nazo ni dharau nyingine. Kwanza hazionekani, kila duka mjini wanakwambia fedha za kigeni hakuna, mafuta hakuna, mzigo umekwama, rudi mwezi ujao. Siku ukibahatika kuziona, bei ya zote nne inakaribia bei ya printa yenyewe. Mimi nikamuuliza mwenye duka, wewe gari lako likiisha mafuta unanunua gari jingine? Akacheka. Hakuna kinachoniudhi kama mtu kucheka wakati ananikamua.

Ndipo nikampata Fundi Huseni wa Jabe, karibu na soko, mtu mwembamba mwenye vidole vya rangi zote kama kashika upinde wa mvua. Yeye anauza wino wa kujaza mwenyewe, kwenye chupa ndogo, kwa bei ya kibinadamu. Akanifundisha: unabandua karatasi ya juu ya kartushi, unakuta kitundu, unavuta wino kwa sindano ya hospitali, unaudondosha polepole mpaka sifongo la ndani linywe lishibe, unaziba kwa utepe, basi.

"Mama Swaumu, hii mashini yako si mugonjwa," aliniambia, akiniita kwa jina la mwanangu, "iko na ujanja tu. Inahesabu makaratasi, ikifika hesabu yake inasema wino imeisha, kumbe iko. We kamata hapa, bonyeza, hesabu mpaka kumi, itanyamaza."

Niliposikia hivyo ilibidi nikae. Miaka yote ile natupa kartushi zenye wino ndani, nadanganywa na mashine niliyoinunua kwa jasho langu, mchana kweupe! Tangu siku ile nikaapa kwamba hakuna kampuni duniani itakayokula tena hela yangu kwa jambo la wino, na kwa muda mrefu nilishinda, nilijaza, nilichapa, nilijisifu kwa kila mtu, na kujisifu kwangu ndiko kulikoniandalia njia.

Basi, kaka yangu Ramadhani akawa anamwoza binti yake Rehema. Mkewe, huyo wifi yangu Aziza, akataka kadi zichapwe kwenye duka moja kubwa la mjini lenye kiyoyozi. Nikaja juu. Shangazi mtu nipo, nina mashine, nina macho, halafu kadi za mtoto wetu zichapwe na watu wasiomjua? Nikamwambia Aziza mbele ya wageni, "Wifi, apana, hizo kadi ni zangu, mi ndiyo shangazi." Akakunja mdomo, kule kukunja kwa Aziza mnakokujua.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwetu huwezi kumwandikia mtu kwenye kadi kwamba wewe ni wa mbele na yule ni wa nyuma, ni matusi. Lakini kwenye ukumbi mbele kuna makochi na meza ya kuhudumiwa, na nyuma kuna viti vya plastiki na sahani unaishika mkononi, na si kila mtu anaweza kuenea kwenye makochi. Kwa hiyo tunatumia rangi, kimyakimya. Kadi zote zina maneno yaleyale na maua yaleyale, ila za ndugu na watu wa heshima zilikuwa za kijani, na za majirani na marafiki zilikuwa za buluu. Mgeni hajui kitu. Wanaojua ni wale watu wa protokoli pale mlangoni, vijana wa suti wa kukodi, wasiomfahamu hata mmoja wetu (na ndiyo sababu wanakodiwa, wasije wakapendelea), ambao wanatazama kadi tu, hawatazami uso.

Na katika kadi zote zile, kwangu mimi ilikuwepo moja tu, ya Bibi Salima. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yetu, ndiye aliyenilea mimi na Ramadhani tangu tungali wadogo, alikuwa anauza maandazi alfajiri ili sisi tupate madaftari, sasa anaishi Kinama kwa bintiye na sisi wote tunamwita Bibi kama watoto wetu wanavyomwita. Ramadhani alipooa, miaka hiyo, katika vurugu za mlangoni Bibi Salima alikalishwa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, karibu na masufuria. Alikaa kidogo, akanawa mikono, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo akawa anakuja kwenye misiba yetu yote, lakini harusi ya ukoo wetu hakukanyaga hata moja, na kila harusi kiti chake kilikuwa wazi na mimi nilikuwa nakitazama na kukosa hamu ya chakula. Moyoni nilijua kosa lilikuwa la upande wa Aziza, na nililiweka hilo moyoni kama mtu anayeweka akiba.

Safari hii nikasema, lazima aje, na akae mbele kuliko wote.

Nikaanza kuchapa. Kadi za buluu zikatoka zote, safi. Nikaja kwenye za kijani (na kijani, kwa msiojua kazi hii, printa haina wino wake, inachanganya buluu na njano), nikachapa mbili, ya tatu ikatoka na mistari, na safari hii mashine haikuwa na ujanja, njano iliisha kweli. Nikaenda Jabe kwa miguu kwenye jua lile.

"Njano imekwisha, mama," akasema Fundi Huseni. "Iko njiani, ngoja kama juma moja. Na usitie kitu ingine, eh?"

"Kitu ingine kama nini?"

"Batu wako na mambo mingi. Wengine wanatia wino ya mihuri, wengine wanatia ile rangi ya jus, ya chakula. Inatoka vizuri, lakini..."

Aliendelea na hiyo lakini yake, ila mimi nilikuwa nimeshavuka barabara. Na hapa namlaumu, kusema kweli, maana ni yeye aliyenitia hilo jambo kichwani. Mtu ukitaka kumkanya mwenzako unaanza na ubaya, huanzi na kwamba inatoka vizuri! Juma moja ningesubiri vipi, wakati Aziza kila asubuhi ananipigia kuuliza kama kadi zimekwisha, kwa ile sauti ya upole anayoitumia mtu anayekungojea uanguke?

Jikoni nilikuwa na pakiti ya ile rangi ya njano ya kutia kwenye biriani. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe, nikakoroga, nikachuja kwa kitambaa mara tatu ili kusiwe na chembe itakayoziba mashine, nikavuta kwa sindano, nikalijaza sifongo. Nikabonyeza, nikahesabu kumi. Kadi ya kwanza ikatoka, na nawaambieni, ilikuwa kijani hasa, kijani cha jani la mgomba baada ya mvua, nikaitoa nje nikaiweka juu ya jani la kweli na sikuona tofauti. Nilicheka peke yangu. Nikafikiria wale wa kiwandani na bei zao na vitaa vyao vyekundu, nikasema leo nimewashinda kwa pakiti ya jikoni. Kadi sitini zikatoka siku hiyohiyo, na Aziza mwenyewe alipozishika alitafuta kasoro, akasema tu karatasi ni nyembamba kidogo.

Ya Bibi Salima nikaipeleka Kinama mwenyewe, wiki tatu kabla ya siku. Nikamkuta uani anachambua maharagwe. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikampa kadi kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nitakaa wapi?" akaniuliza. Hakuuliza bwana harusi ni nani wala chakula ni nini.

"Mbele, Bibi. Kwenye kochi, ubavuni kwa bibi harusi. Hii kadi ya kijani ndiyo ya mbele, watakapoiona tu watakupeleka. Nimeichapa mi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Kwa mikono yako?"

"Wallahi, Bibi."

Akasema, "Basi nitakuja." Hapo ndipo nilipokaribia kulia, si ile siku nyingine, na Aziza aandike.

Siku ikafika. Nikaha imekwisha msikitini, saa nane mchana watu wanaanza kuingia ukumbini, joto limejaa, mimi niko chumba cha pembeni na bibi harusi namrekebishia mtandio, kwa hiyo mlangoni sikuwepo. Tulipomwingiza Rehema kwa vigelegele na kumkalisha mahali pake, nikainua macho nikatazama makochi, nikashangaa. Nusu yalikuwa matupu. Na kwenye nusu nyingine walikaa watu ambao, Mungu anisamehe, tuliwapa kadi za kijani kwa kuogopa midomo yao tu. Alikuwepo Mzee Kasimu, mjomba wa mbali wa Aziza, ambaye hajapatana na mtu tangu nimfahamu, kajitandaza kwenye kochi la watu watatu peke yake. Mashangazi hawapo. Binamu zangu hawapo. Rehema akanivuta mkono.

"Shangazi, Bibi Salima iko wapi? Ulisema atakuya."

Nikashuka, nikapita katikati ya watu, nikafika nyuma, na huko nyuma, jamani, nilikuta ukoo wangu mzima. Wote wamebanana kwenye viti vya plastiki, wananitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Na pembeni kabisa, karibu na masufuria, moshi unampiga usoni, kakaa Bibi Salima, kavaa kanga mpya, mkoba juu ya mapaja, na juu ya mkoba ile kadi.

Mtu mwenye akili angeuliza kwanza. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa mshereheshaji, nikamnyang'anya maikrofoni.

"Nani ameweka Bibi yangu pale nyuma?" Sauti ikajaa ukumbi mpaka spika ikapiga mluzi. "Nauliza! Nani?"

Mkuu wa protokoli, mtu mrefu aitwaye Dezire, akaja polepole na adabu zake zote, rangi akizitaja kwa Kifaransa, vert kijani na bleu buluu.

"Mama, mi siangalii mutu, naangalia kadi. Kadi ya vert mbele, kadi ya bleu nyuma. Ndiyo mulituambia."

"Bibi iko na vert! Nilimupa mi mwenyewe! Watu ya vert ndiyo watu ya heshima, ndiyo wanakaa mbele, huyu ndiye mutu ya heshima kupita wote hapa!"

Mmeona nilichokifanya? Mimi sikukiona. Damu ilikuwa imenipanda mpaka masikioni. Dezire akaniambia kwa upole kwamba mama yule kaja na ya buluu, na wale wote pia wamekuja na za buluu, na hapo badala ya kufikiri nikaenda kuchota ile akiba yangu ya miaka yote. Nikamgeukia Aziza, kwenye maikrofoni hiyohiyo, siku ya harusi ya binti yake, nikasema kwamba sasa naelewa, kuna mtu kachapisha kadi nyingine kwa siri huko kwenye duka lake la kiyoyozi, akaenda kuwabadilishia ndugu zetu ili watu wa kwetu wakae na masufuria kama alivyowafanyia kwenye harusi yake yeye. Nikasema, "Mara ya kwanza tulinyamaza, wifi. Leo apana!"

Ramadhani kaka yangu kashika kichwa. Aziza alinyanyuka, akapita mbele yangu kama anapishana na mtu barabarani, akaenda mpaka nyuma kwa Bibi Salima, akainama.

"Bibi, nionyeshe kadi."

Bibi akampa. Ilikuwa ya buluu kweli, buluu hafifu, iliyochoka. Lakini kwenye pembe zake nne ilikuwa na vipande vya plasta, ile plasta nyeupe ya vidonda. Aziza akaweka ukucha chini ya kipande kimoja, akakibandua taratibu, na chini yake karatasi ilikuwa kijani. Kijani cha jani la mgomba.

"Bibi, hii kadi ilikuwa inakaa wapi?"

"Nilibandika pa dirisha, upande wa inje," akasema Bibi Salima, na maikrofoni sikuwa nimeizima, na nilikuwa nimeshafika karibu, kwa hiyo kila mtu alisikia. "Niliigeuza iangalie inje, watu wakipita waone mi pia nimealikwa. Kila asubui nikienda kuchota mayi naiangalia. Nikaona ile rangi ya majani inatoka, inatoka, kila siku kidogo. Mi nilifikiri ni macho yangu. Nikasema Salima, umezeeka, sasa na rangi zinakukimbia."

Nikaanza kuelewa, na nilielewa kwa awamu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Binamu yangu wa kwanza akasema yeye kaibandika ukutani panapopiga jua. Mwingine kaiweka kwenye kioo cha mbele cha taksi yake, wiki tatu, ili abiria wamuulize. Shangazi yetu wa upande wa baba kaichomeka kwenye fremu ya picha dirishani. Yaani kila aliyetupenda, aliyeifurahia kadi yetu mpaka akaiweka mahali pa kuonekana, jua lilimlia njano yake likambakizia buluu. Na Mzee Kasimu, ambaye hata jina la bibi harusi hajui, aliitupa kwenye mfuko wa koti na kufunga kabati, ikatoka humo mbichi kama siku ya kwanza.

Aziza akasimama wima. "Wifi," akasema, kwa ile sauti ya upole, "ile wino ya njano ulitoa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini wote walikuwa wananitazama, na Bibi Salima ndiye aliyenifundisha kusema kweli kwa fimbo, na alikuwa ameinua uso akinisubiri.

"Ni rangi ya biriani," nikasema.

Maikrofoni ikalipeleka neno hilo mpaka barabarani. Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu wapishi waliokuwa nyuma yangu wakafunua sufuria, mvuke ukatoka, na biriani yenyewe ikaonekana, njano tupu, inang'aa, na hapo ukumbi ulipasuka. Walicheka watu wazima mpaka wakashikana mabega. Mshereheshaji alikaa chini.

Mngedhani yameishia hapo. Mama Hawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye tangu alfajiri alikuwa anatusaidia, na masufuria yale makubwa ni yake, muda wote alikuwa anaitazama kadi yake. Yake ilikuwa buluu ya halali, buluu ya Fundi Huseni, isiyopauka.

"Kumbe," akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "kumbe bleu ni ya watu wasiokuwa na heshima?"

Mimi ndiye niliyetangaza. Siri ambayo kila harusi ya mji huu inaitunza, nimeipigia kelele kwenye spika mbili. Na kutoka upande mwingine mtu mmoja akasimama akasema kwa nguvu kwamba hata yake ilikuwa ya kijani, ilipigwa na jua, na wa pili akasema yake pia, na wa tatu, na ningembishia nani, kwa ushahidi gani? Watu mia na hamsini wakaanza kubeba viti vyao kuelekea makochi, Dezire na vijana wake wametandaza mikono kama wanaozuia mbuzi, Mzee Kasimu anapiga kelele kwamba kochi ni lake.

Nikapiga magoti mbele ya Bibi Salima. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, simama nikupeleke mbele."

"Apana," akasema. "Mi nimekaa nyuma mara mbili kwa mikono ya watoto nililea. Ya kwanza sikujua ni nani. Ya leo umeniapia. Siinuki tena nitembezwe mbele ya watu kama kiti."

"Basi usiondoke, Bibi. Tafadhali. Usiondoke bila kula."

Aliangalia mikono yake, na mimi nilijua, alikuwa anataka maji ya kunawa aondoke, kama mara ile ya kwanza.

Wakati huo kelele zikakatika mbele. Nikageuka. Rehema alikuwa amesimama. Kakusanya gauni lake lote kwenye mikono miwili, kashuka, anapita katikati ya viti na watu waliovibeba, wanampisha, mpaka akafika kwenye masufuria, akavuta kiti cha plastiki akakaa ubavuni kwa Bibi Salima, moshi ukampiga na yeye usoni. Akachukua birika akamnawisha Bibi mikono.

"Leteni sinia hapa," akasema. "Mi nakula na Bibi."

Mnajua kilichofuata? Bwana harusi akamfuata mkewe. Waliobeba viti kwenda mbele wakageuka wakavirudisha nyuma, sasa wanagombea kukaa karibu na masufuria. Aziza akakaa chini kwenye mkeka pamoja na Mama Hawa, na nikamwona anampakulia kwa mkono wake mwenyewe. Bibi Salima akala. Nilimtazama tonge la kwanza mpaka la mwisho.

Mimi nilikosa nafasi. Nilizunguka nyuma yote nisipate hata pembe ya mkeka, na hakuna aliyesogea, nikarudi mbele kwenye makochi nikakaa na kadi yangu, ya kijani, mbichi kabisa, maana nilikuwa nimeihifadhi kwenye droo. Alikuwepo Mzee Kasimu tu, sahani magotini.

"Zubeda," akaniambia na mdomo umejaa, "hii biriani iko na rangi muzuri."

Aziza nilimwomba radhi kesho yake, kwa miguu yangu, na alinisamehe haraka mno, kwa raha iliyozidi. Harusi ya kwanza, kumbe, hata yeye hajui nani alimkalisha Bibi nyuma, alikuwa bibi harusi, kakaa kafunikwa uso. Miaka yote ile nilikuwa nimeweka akiba isiyo na kitu ndani.

Baada ya siku chache Bibi akatuma salamu kwamba anataka kadi nyingine ya kuweka mahali pa ile iliyopauka, si ya rangi, maneno tu, meusi. Nikafurahi, nikakimbilia kibandani, nikawasha mashine, nikabonyeza. Ikawasha kitaa chekundu ikaniandikia kwamba njano imeisha. Nilitaka kuibeba niitupe barabarani, nawaambia kweli. Nikazima umeme, nikachukua kalamu ya biki na karatasi nene, nikaandika kwa mkono jina la Rehema na la mumewe, na chini yake jina la Bibi Salima, na mahali alipokaa, ubavuni kwa bibi harusi.

Tangu hapo kadi za rangi mbili sichapi. Mteja akija na hiyo siri yake ya kijani na buluu namwambia aende mjini, kuna duka lina kiyoyozi. Rangi ya biriani nyumbani kwangu haiingii, wanangu wanakula wali mweupe na wananilaumu. Fundi Huseni alishaniletea ile njano yake ya kweli na safari hii nilisimama nikasikiliza lakini yake yote mpaka mwisho.

Ile kadi ya biki Bibi kaibandika pale pale dirishani, imetazama nje. Kila nikienda Kinama, kabla sijabisha hodi, nasimama kwanza barabarani naitazama kama bado inasomeka, na yeye huniona kutoka ndani, na hanifungulii mpaka nimalize kusoma.